Kanda Iliyokosa Rangi

Vijana wangu, wiki iliyopita wanne kati yenu mlikuja hapa kwangu Sekei mkigombana tangu getini. Mmoja anasema neo soul ni soul ile ile iliyobadilishiwa nguo. Mwingine anasema ni jazi. Wa tatu anasema ni hip hop iliyokua ikaacha kelele. Wa nne, yule mwenye miwani, alikuwa anamaliza karanga zangu tu. Baada ya shikamoo mkaniuliza, "Bibi, wewe ulirekodi kanda miaka na miaka. Tuambie, hii neo soul ilitoka wapi na mpaka wake uko wapi?"

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Mkadhani nawadharau. Hapana. Ni kwamba swali hilo lilishajibiwa zamani, kule Akheri, kanisani, mbele ya maboga, na mimi Zuhura, mtoto wa Kiislamu wa Kaloleni, nilikuwepo nimekaa benchi la nyuma. Leo nawaandikia, maana nikiwasimulia kwa mdomo mnanikatiza na simu zenu.

Kwanza kazi yenyewe. Nyie mnagusa kioo, wimbo unatoka. Sisi wimbo ulikuwa unapikwa. Mteja anakuja dukani na karatasi ameandika nyimbo kumi na mbili anazozitaka, nyingine hajui jina, anakuimbia. Na anaimba vibaya! Unatakiwa umsikilize mtu mzima aliyevaa tai akiguna mbele yako, usicheke, kisha uutambue wimbo. Ukiutambua unautafuta rafuni, unaurekodi kwenye kanda yake, na unakaa hapo hapo mpaka uishe, maana ukienda kununua maandazi deki, ile mashine ya kurekodia, inaweza kuitafuna kanda ya mtu kama mbuzi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Saidi, mwenye duka, mtu wa Tanga aliyehamia Arusha kijana na hakuacha kulalamika kuhusu baridi hata siku moja. Alikuwa hagombezi. Ukikosea, anachukua kikombe chake cha chai na kukipuliza huku anakuangalia. Ukiona anapuliza chai iliyokwisha poa, ujue umeharibu sana.

Alinifundisha kusafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachoisoma kanda, kwa pamba na spiriti kila asubuhi. Alinifundisha kuizungusha kanda mpya yote mbele na nyuma kabla ya kuirekodi, ilegee. Kanda isiwekwe juu ya spika, sumaku itailamba. Kanda iliyokatika unaiunga kwa wembe na kipande chembamba cha selotepu, kwa pumzi iliyozuiwa. Na ile ya muhimu kuliko zote: kanda ambayo mtu hataki ifutwe, unang'oa meno yake. Meno ni vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Ukiving'oa, deki inakataa kurekodi juu yake. Ukitaka kuifuta tena unaziba mashimo kwa selotepu. Na ukifuta, alisema Mzee Saidi, futa mpaka mwisho.

Hiyo ya mwisho niliisikia kwa sikio moja. Mtaona.

Msidhani nilikuwa fundi tangu nizaliwe. Mwezi wangu wa kwanza nilimrekodia bwana harusi mmoja kanda ya kuingilia ukumbini. Nikasahau kuhamisha swichi, deki ikarekodi redio badala ya kanda. Siku ya siku, maharusi wanaingia kwa madaha, watu wanapiga vigelegele, spika zinatoa matangazo ya vifo. Jumatatu bwana harusi akaja dukani macho mekundu. Nikajiandaa kupigwa. Kumbe mmoja wa waliotangazwa alikuwa baba yake mdogo wa Singida, na bila kanda yangu angechelewa mazishi. Alinishukuru! Mzee Saidi alipuliza chai yake siku hiyo mpaka adhuhuri.

Sasa tuje kwenye rafu. Mtaelewa kwa nini watu wazima walikaribia kushikana mashati.

Ulikuwa wakati wa soko huria. Zamani tulikuwa na redio moja inayotuambia tusikilize nini, na tulisikiliza. Halafu milango ikafunguliwa. Redio za watu binafsi hizo, mitumba hiyo, kanda kutoka Nairobi na Dubai, sidii zinazong'aa kama kioo cha kunyolea. Tukawa na kila kitu, na hakuna wa kutuambia kila kitu kikae wapi. Mzee Saidi akaamua kwa rangi. Kila kanda inabandikwa kibandiko mgongoni: nyekundu sebene, kijani taarab, nyeupe injili, njano rap, bluu bluzi. Bluzi kwetu ilikuwa muziki wowote wa Kizungu wa polepole unaokufanya umkumbuke mtu. Rangi tano, rafu tano. Na sheria ya duka ilikuwa kanda isiyo na rangi hailali rafuni.

Rafu ya sita ilikuwepo. Ilikuwa ya chupa ya chai ya Mzee Saidi. Peke yake, katikati, kama mfalme. Nilishawahi kuisogeza kidogo niweke mkasi, akaniambia, "Zuhura, kuna mambo ya kuchezea, na mengine siyo."

Basi Jumatano moja asubuhi akaingia Mama Ndeshi. Huyu alikuwa mke wa Mwalimu Eliakimu, mwalimu wa kwaya wa kule Akheri, na alikuwa anateremka mjini kuuza ndizi. Alinyoosha shingo kuangalia nje, akaangalia nyuma ya mlango, ndipo akatoa kanda kwenye kitambaa.

"Zuhura mwanangu, redio imeitafuna hii. Niungie. Naifuata Jumatatu."

"Nikuandikie jina, mama?"

"Usithubutu!"

Akaniambia yote, amenishika mkono. Mumewe alikuwa amemtoa kwenye kwaya. Mke wake mwenyewe! Kosa lake ni kupindisha sauti. Mwalimu Eliakimu alikuwa mtu wa noti, anaziandika ubaoni, do, re, mi, fa, na kila mwimbaji anakanyaga hapo hapo zilipo. Mama Ndeshi alikuwa hakanyagi. Anaanza kwenye mi, anateleza, anazunguka kidogo, anarudi anapotaka. Mwaka wa tatu huo tangu mwalimu amwambie mbele ya kwaya nzima, "Mama Ndeshi, kaa na watazamaji." Hakuimba tena. Jikoni alikuwa anapika kimya.

"Imeniuma, Zuhura," aliniambia. "Kunitoa ni kazi yake. Lakini kunitoa bila hata kunisikiliza!"

Sasa mwalimu wa kwaya ya Usa River alikuwa ametangaza anatafuta sauti za kike. Binti yake, Ndeshi, alimrekodi mama yake jikoni, nyimbo tatu. Kanda ikifika kwa yule mwalimu na akikubali, Mama Ndeshi anahamia kwaya ya Usa River. Mnajua maana yake? Mwalimu wa kwaya wa Akheri, mkewe anaimba kwa watu wengine, tena kwa mwalimu aliyekuwa mwanafunzi wake. Angetembea na aibu hiyo mpaka sokoni. Na nyumba yenyewe ilikuwa imeshapoa. Nikamwapia Mama Ndeshi kwamba kanda itakuwa salama.

Niliiunga vizuri sana, wallahi. Nilikuwa ndiyo kwanza nafunga skrubu ya mwisho alipoingia Gasper.

Gasper alikuwa kijana aliyekuwa anasoma chuo Makumira, anajiandaa kuwa mchungaji, na anapenda muziki kuliko inavyofaa. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia sidii. Akasema, "Dada Zuhura, nirekodie. Hii inaitwa neo soul. Ni kitu kipya duniani."

Nikaiweka. Akatoka dada wa Kimarekani, sauti ya usingizi usingizi, ngoma inachelewa kama mtu anayejivuta, gitaa la besi linatembea na mawazo yake. Nikapenda hapo hapo. Halafu nikanyoosha mkono kwenye vibandiko kwa ajili ya nakala ya duka, mkono ukabaki hewani. Rangi gani?

"Bluu," akasema Mzee Saidi bila kuinua kichwa. "Ni bluzi."

"Njano, mzee," akasema Gasper. "Sikiliza ngoma. Hii ni rap iliyokwenda shule."

"Haina rangi," nikasema mimi. "Inataka rafu yake."

Mzee Saidi akainua kichwa, akaiangalia rafu ya chai, akaniangalia mimi. "Rafu gani?"

Tukabishana mpaka mteja aliyekuja kuchukua kanda ya sebene akaondoka na ya kaswida. Na katika kubishana huko, mkono wangu wa kushoto, huu hapa, ukaichukua kanda ya Mama Ndeshi na kuitupia kwenye boksi. Dukani tulikuwa na maboksi mawili chini ya meza, la kanda zilizotengenezwa na la kanda za kufutwa. Kanda haina jina, haina rangi, meno yapo. Nadhani mmeshaelewa mkono ulitupia wapi. Mimi sikuelewa.

Mzee Saidi akakata shauri: "Jumamosi alasiri. Mwalimu Eliakimu atakuwepo. Tutaisikiliza kwa utaratibu, kila mtu atasema, tutaamua. Zuhura, rekodi nyimbo nne za ushahidi."

Kanda mpya zilikuwa zimekwisha. Nikachukua ya juu kabisa kwenye boksi la kufutwa, nikarekodi nyimbo nne, nikazima. Futa mpaka mwisho? Nilikuwa na njaa, vijana wangu.

Jumamosi Mwalimu Eliakimu akafika. Mrefu, koti la kaki, kofia mkononi. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kusikiliza rafu nyeupe na kuzikosoa kwaya za mikoa mingine. Siku hiyo alipoambiwa kuna mjadala alirudi nje, akaenda kuazima ubao wa mwenye mgahawa jirani, akafuta "Leo wali maharage", akausimamisha juu ya kreti. Mfukoni akatoa uma wake wa sauti, kile kichuma cha kugonga kikalia, akaugonga gotini. Watu wakaanza kujaa mlangoni.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Mzee Saidi akasimama kama yuko mahakamani.

"Mimi nasema hivi. Huu mtindo nimeusikia Tanga nikiwa kijana. Bendi zetu zilikuwa na mpiga saksafoni mmoja alikuwa anachelewa hivi hivi. Kwa hiyo asili yake ni Tanga."

"Mzee, huyo alikuwa anachelewa kwa sababu amelewa," akasema mtu mlangoni.

"Kachelewa, hakuchelewa?"

Gasper akasema mambo ya Marekani, rap ilichoka kufoka ikatafuta wazee wake, na ndipo ikazaliwa hii. Alisema vizuri ila alisema kwa mkono juu kama anahubiri, mama mmoja nyuma akaitikia amina.

Mwalimu Eliakimu akawangoja wamalize. "Hii," akasema, "ni mali ya kanisa. Imeibwa. Wametoa jina la Bwana, wakaweka 'beibi'. Iwekwe rafu nyeupe, mpaka mwenyewe atakapoifuata."

Tukapiga makofi, maana ilikuwa hoja nzuri. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Alitaka kuthibitisha kwa noti. Wimbo wa pili ukapigwa, akawa anaandika ubaoni, mi, fa, so, anafuta kwa kiwiko, anaandika tena. Jasho likaanza. Wimbo wa tatu akasimamisha kila kitu.

"Rudisha! Rudisha hapo. Huyu dada yuko wapi? Katoka mi, hajafika fa. Kati ya mi na fa pana nini? Hapana kitu! Pana korongo!"

"Basi anaishi korongoni, mwalimu," nikasema.

"Mtu haishi korongoni, Zuhura! Mtu mwenye adabu anavuka!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, "Huko ndiko kuharibu. Ukimruhusu mmoja kupindisha, kesho wote wanapindisha, na mwalimu anabaki kupungia hewa." Niliangalia chini. Nilijua anamsema nani.

Wimbo wa nne ukapigwa. Mimi nikaenda kumimina chai kwa ajili ya wazee. Wimbo ukaisha nikiwa na chupa mkononi, na sikuharakisha. Kanda ikakwaruza, krr, ikanyamaza kidogo. Halafu ikaanza sauti nyingine.

Haikuwa na maneno. Ni mm, na oo, na ee ndefu inayoshuka taratibu. Chini yake kuna kitu kinasugua, sha-sha, sha, sha-sha, sha. Na ile sauti ikawa inaondoka, inazunguka, inakawia huko, mpaka unapata wasiwasi, halafu inarudi na kukaa. Watu wa mlangoni wakasogea ndani wote.

Gasper akanong'ona, "Mnasikia hiyo ngoma? Marekani wana vifaa!"

"Hiyo ni kayamba," akasema Mzee Saidi, machozi yanamlenga. "Kayamba ya pwani. Si niliwaambia?"

Mimi niliijua ile sha-sha. Ni ungo. Mtu anapepeta maharage. Na nilipojua ni ungo, nikajua ni jikoni kwa nani, na kanda gani hiyo, na mkono gani uliitupia wapi. Chai ikanimwagikia kidoleni sikuisikia. Nyimbo zake! Nilikuwa nimemfutia karibu zote! Nikaruka kwenda kuizima deki.

Mwalimu Eliakimu akanishika mkono. "Usiguse!"

Alikuwa amefumba macho. Chaki ilikuwa imeshuka, hakuandika hata herufi moja. "Huyu," akasema polepole, "huyu amelelewa kanisani. Mnamsikia? Anajua nyumbani ni wapi. Anatoka kwenye noti kama anakwenda kumsalimia jirani, halafu huyo, anarudi. Yule wa kwanza alipotea. Huyu hajapotea hata kidogo."

Kwenye kanda ng'ombe akalia, mbuuu.

"Na hilo nalo?" mtu akauliza.

"Hiyo ni sampo," akasema Gasper bila kusita. "Wanachukua sauti yoyote wanaingiza. Ni ufundi wa hali ya juu."

"Zuhura, huyu ni nani?" akauliza Mwalimu Eliakimu, macho bado yamefumbwa. Akaendelea, tena kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Ningepata mmoja tu kama huyu Akheri! Mmoja! Ningempa mstari mzima peke yake. Mwalimu anayeweza kumtoa mtu huyu kwenye kwaya, huyo mwalimu apimwe kichwa."

Na deki ikajibu, kwa sauti kubwa na wazi: "Ndeshi! Kumbe hujazima? Zima hiyo, haraka, baba yako huyo anaingia na ng'ombe!"

Klik.

Vijana wangu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata watu waliokuwa hawamjui Ndeshi walielewa, kwa sababu ya sura ya Mwalimu Eliakimu. Alifumbua macho. Akaiangalia deki. Akaiangalia chaki. Akaiuma. Sijui alidhani ni muhogo, lakini aliing'ata ile chaki na kuanza kuitafuna.

Mzee Saidi akachukua kikombe na kukipuliza. Kilikuwa kitupu.

"Hii kanda ni ya nani?" mwalimu akaniuliza, midomo myeupe.

Nikasema. Ningefanya nini? Nikasema yote, mpaka Usa River. Aliposikia Usa River akaketi juu ya kreti, ubao ukaanguka.

"Kwa yule?" akasema. "Niliyemfundisha mimi kushika kijiti?"

"Mwalimu, alisema hukumsikiliza."

Halafu akasema, si kwetu, "Miaka ishirini na sita niko naye nyumba moja. Nilidhani namjua sauti." Akajifuta uso kwa kofia, akajipaka chaki mpaka kwenye nyusi. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira, yote mawili kwa pamoja. Akaitoa kanda kwenye deki mwenyewe, akanipa. "Ing'oe meno, Zuhura. Isije ikafutwa tena."

Nikayang'oa kwa bisibisi. Akaitia mfuko wa ndani wa koti akaondoka. Uma wake aliusahau mezani.

Jumapili hiyo sikula. Jumatatu asubuhi Mama Ndeshi akaingia dukani, na kabla hajaweka kapu chini nikamwangukia. "Mama, nimekufutia. Nisamehe. Ni mkono wangu na mdomo wangu. Zimebaki dakika chache tu za mwisho, wala hazikuwa wimbo."

Akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Zuhura, ameosha vyombo."

"Nani?"

"Baba Ndeshi! Jumamosi amefika, ameweka kanda mezani. Ameosha vyombo vyote, mpaka sufuria ile ya makande ya siku mbili. Ng'ombe hajakamuliwa, yeye anasugua sufuria. Halafu akaniambia, rudi kwenye kwaya."

"Ukamwambia nini?"

Akaacha kucheka. "Nimemwambia nitakuja Jumapili moja. Moja tu, ya mavuno. Nataka nione kama masikio yake yapo, au alisikia kwa sababu alidhani ni Mmarekani. Nikiona hayapo, Usa River napajua, na sihitaji kanda. Nitakwenda na mdomo wangu. Njooni, wewe na Mzee Saidi. Nataka mashahidi."

Wiki ile habari zilitufikia kila siku kutoka Akheri. Siku ya mazoezi mwalimu aliandika wimbo wa mavuno ubaoni kama kawaida, noti zote zimenyooka. Alipofika mstari wa tatu akasimama. Akafuta noti zote za mstari ule, na mahali pake akaandika kwa herufi kubwa: MAMA NDESHI. Waimbaji wa besi wakaulizana hiyo inaimbwaje.

Jumapili tukaenda. Mzee Saidi alivaa kanzu, koti, na sweta mbili, maana alisema Akheri kuna barafu. Walitupa benchi la nyuma. Mbele kulikuwa na mavuno yamepangwa, maboga, mikungu ya ndizi, kahawa, kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alikuwa na la kusema wakati wote. Mama Ndeshi alisimama na kwaya, kitenge kipya, uso haueleweki.

Wimbo ukaanza. Mstari wa kwanza, wa pili. Ulipofika wa tatu, kwaya ikanyamaza, na Mwalimu Eliakimu akashusha mikono yake yote miwili. Nimeambiwa hakuwahi kufanya hivyo maishani. Akangoja.

Mama Ndeshi akaimba. Mi, mi, fa, so. Imenyooka kama rula.

Nikashikwa na butwaa. Ubeti wa pili tena, mikono ikashuka, mwalimu akamwangalia kwa macho ya kuomba. Mi, mi, fa, so. Hakuna aliyewahi kuimba noti sawasawa kiasi kile tangu noti zianze. Alimpa alichokuwa anakidai siku zote, kamili, wala hakumpunguzia hata chembe. Watu kanisani hawakujua kitu. Mzee Saidi alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Ubeti wa tatu ndio wa mwisho. Nilimwona Mama Ndeshi akitupa jicho mara moja kwenye mlango wa nje, upande wa barabara ya Usa River. Nadhani mwalimu aliliona jicho hilo. Mstari wa tatu ukafika, mama akafungua kinywa, ikatoka mi, imenyooka vile vile, na Mwalimu Eliakimu, mtu wa noti, mbele ya mchungaji na maboga na usharika wote, akapiga kelele:

"Pindisha! Pindisha, Mama Ndeshi!"

Mchungaji akavua miwani. Kuku akanyamaza.

Na yeye akamwangalia mumewe, taratibu, kama vile ana siku nzima. Kisha akapindisha. Aliondoka kwenye ile mi akashuka korongoni kabisa, akakaa humo, akatembea humo, wamama wakaanza kuinuka mmoja mmoja, na aliporudi alirudi anatabasamu. Mwalimu alikuwa amegeuka kutuelekea sisi, machozi yanamwagika, na anajaribu kuhesabu mapigo kwa vidole na hesabu haimwendei.

Mimi nililia wazi wazi. Mzee Saidi akaniinamia sikioni, pumzi inanuka tangawizi.

"Zuhura," akasema, "kesho iondoe rafuni chupa yangu ya chai."